Mashini ya Maji Iliyolala na Mbuzi

Mkiitwa na mtu mwenye samaki wa bahari, kabla hamjatoa spana mkobani, angalieni kwanza kama nyumbani kwake kuna msiba. Msicheke. Mimi nilifika Mweiga na mkoba wangu na buti za mpira, nikakuta viti vimepangwa uani, kina mama wa kikundi wanachemsha chai kwenye sufuria kubwa, na wazee wamevua kofia. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote aliyelelewa vizuri angefanya. Niliweka mkoba chini, nikawapa watu mkono mmoja mmoja, nikasema poleni, Mungu awatie nguvu. Nikaketi. Nikaletewa chai. Nilikuwa katikati ya kikombe nilipomuuliza jirani yangu kwa sauti ya chini marehemu alikuwa nani.

"Ni Waweru," akasema.

"Pole sana. Alikuwa amegonjeka?"

"Wapi! Jana alikuwa anakula vizuri. Asubuhi wakapata amegeuka tumbo juu."

Waweru alizikwa kando ya shamba la viazi, ndani ya boksi la majani ya chai, na boksi lilimtosha na nafasi ikabaki. Alikuwa samaki wa rangi ya machungwa mwenye mistari myeupe, mrefu kama kidole changu cha kati. Aliyetoa shukrani kwa waombolezaji alikuwa mwenye nyumba mwenyewe, Mzee Gachanja, na alipomaliza akaniangalia buti zangu na kusema, "Wewe ndiye fundi? Umechelewa."

Mnanijua. Mimi ndiye Mama Ciku. Nimefanya kazi ya mabomba na vichujio vya maji hapa Nyeri hadi magoti yakakataa kuingia chini ya sinki. Sasa nimestaafu, maana yake ni kwamba nyinyi mafundi vijana mnanipigia simu nikiwa nakula. Na swali lenu ni moja tu: "Mathe, ya samaki wa bahari, mashini gani ndiyo poa?" Mnaniudhi. Hakuna mashini poa. Kuna maji ya mahali fulani, na kuna kiumbe atakayeishi ndani yake. Anayeanza kwa kutazama mashini ni kama anayenunua viatu bila kuuliza vya nani.

Mtu wa huku juu akitaka bahari sebuleni, lazima aitengeneze. Anachukua maji yasiyo na kitu, kitu chochote kabisa, halafu anakoroga chumvi ya bahari inayouzwa kwa ndoo. Kama maji yalikuja na mambo yake, mambo hayo yanabaki. Maji yakipungua kwa kukauka, yanayoondoka ni maji peke yake. Mengine yote yanakaa palepale yakingoja wenzao wa ndoo inayofuata.

Na hapo ndipo sisi watu wa mlima tunapofeli mtihani. Mwambie mtu wa Nyeri kwamba mkewe hajui kupika, atacheka. Mwambie kwamba maji yake si safi, atakuonyesha mlango. Tumezaliwa tukiambiwa kwamba maji yetu yanatoka juu kabisa, hakuna aliyeyagusa ila Mungu. Mtu akienda Nairobi kumtembelea mwanawe anabeba mtungi.

Aliyenitoa ujinga huo ni Mzee Salim wa Majengo, fundi aliyenifundisha kazi wakati wanaume wengine walidhani nimekuja kuuza mandazi. Salim alikuwa na Kiswahili cha kunyooka na hasira fupi. Tuliitwa naye Nanyuki kwa mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe na kondoo, hajji mwenye tangi la kioo refu kama jeneza. Samaki wote walikuwa wamekufa na maji yalikuwa mekundu. Salim akauliza chumvi imenunuliwa wapi. Hajji, bila wasiwasi, akatuonyesha gunia. Ilikuwa chumvi nyekundu ya ng'ombe ya kulamba, ile yenye madini ya kuongeza maziwa.

"Ng'ombe zangu zinanona nayo," akasema hajji. "Kwa nini samaki asinone?"

Salim alienda nje, akasimama kidogo akiutazama ukuta, akarudi akiwa mtulivu. Nilijifunza hilo kwake kabla ya kujifunza kukaza nati: kuna wateja ambao lazima kwanza uende ukautazame ukuta. Baadaye, tukiosha lile tangi, alinionyesha utelezi wa kahawia uliogandamana kwenye kioo, chini ya ule wekundu. "Huu si wa chumvi," akasema. "Huu ni wa mlima. Maji haya yamelala na mawe, binti yangu. Yamelamba mawe usiku na mchana. Usidhani yametoka mikono mitupu." Alikuwa akisema juu ya silika, madini ya mawe ya volkano yanayoyeyuka majini. Binadamu haimdhuru. Lakini ule utelezi wa kahawia unaila kama watoto wanavyokula miwa.

Sasa turudi Mweiga, kwa sababu huko ndiko kuna kisa.

Mzee Gachanja alikuwa mwenyekiti wa mradi wa maji wa kijiji. Si mwenyekiti wa kukaa kwenye kiti. Yeye ndiye aliyepanda hadi kwenye msitu wa Aberdare na watu wake wakachimba mtaro kwa jembe, wakashusha bomba mpaka kwenye kila boma. Sebuleni kwake, juu ya tangi la samaki, kulikuwa na picha yake akifungua bilula ya kwanza, na wanawake wameinua mikono. Na kila mara tangi kuu la mradi lilipooshwa, yeye mwenyewe alitia klorini kwa mkono wake, akakoroga kwa mti, kwa mapenzi, na kama mapenzi yalizidi klorini nayo ilizidi.

Samaki aliwaona mara ya kwanza Mombasa, kamati ya mradi ilipopelekwa ziara ya kujifunza mambo ya mabomba. Wenzake walirudi na mahamri. Yeye alirudi na wazo. Mkewe alipofariki miaka kadhaa baadaye, akaenda Nairobi akanunua tangi, akanunua samaki, akawabeba mapajani hadi nyumbani. Kisha akawapa majina.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana nyinyi mnaozaa mtoto na kumwita jina la mwanamuziki hamtaelewa. Kwetu mtoto haitwi ovyo. Mvulana wa kwanza ni baba ya baba, wa pili ni baba ya mama. Msichana wa kwanza ni mama ya baba, wa pili ni mama ya mama. Gachanja na mkewe walijaliwa mtoto mmoja tu, Wangeci, ambaye alichukua jina la mama ya mzee. Majina yale mengine matatu yalibaki bila watu. Kwa hiyo mzee akayagawa kwa samaki. Wa kwanza akawa Njoroge, jina la baba yake. Wa pili akawa Waweru, baba ya marehemu mkewe. Wa tatu akawa Nyambura, mama ya mkewe. Hao ndio watoto ambao hawakuja, na mzee alizungumza nao asubuhi akiwa na kikombe cha uji.

Njoroge akafa. Mzee akatangaza matanga. Majirani walidhani ni mzaha mpaka walipoona amekodi hema. Na Mgikuyu gani ataenda kumwambia mzee mjane asimlilie mwenye jina la baba yake? Wakaja. Wakanywa chai. Waweru alipokufa, walikuja na sukari bila kuulizwa.

Mngesema ni kichekesho tu, kama si Wangeci. Msichana alikuwa amechumbiwa na Muchiri, kijana wa Kagio anayeuza nyanya sokoni, mpole, mwenye macho ya mtu anayeomba radhi. Watu wa Kagio walikuwa wamejipanga kuleta ruracio, yaani kuja na mbuzi na wazee kuzungumza mahari. Na ruracio haifanywi nyumba ikiwa na msiba. Walikuja mara ya kwanza wakakuta matanga ya Njoroge, wakageuza lori. Walikuja tena wakakuta ya Waweru, wakageuza lori. Mbuzi walikuwa wameanza kuifahamu barabara.

Wangeci alinifuata mjini, kwenye duka nilikokuwa nikinunua vipuri. Hakusalimu.

"Mama Ciku, amebaki Nyambura peke yake. Na jana nimeona ako kwa kona, anapumua mbio. Akienda huyu, mimi siolewi. Mjomba ya Muchiri amesema wakirudishwa tena, hizo mbuzi zinaenda kwa boma ingine."

"Ulimwambia baba maji ndiyo shida?"

"Nani amwambie? Wewe ulimwambia?"

Nilikuwa nimejaribu. Siku ile ya mazishi ya Waweru nilichota maji ya bilula nikayanusa. Klorini ilinipanda puani mpaka machozi yakatoka, na waombolezaji wakaniona mtu wa huruma sana. Nikamwambia, "Mzee, hii maji iko na klorini mingi." Akajibu kwamba klorini ndiyo usafi wenyewe. Nikatoa kalamu ya kupimia, ile ya namba, nikaitumbukiza kwenye kikombe. Namba ikatoka ndogo mno. Mzee akaichukua akazunguka nayo kwa wageni kama mwanafunzi aliyepasi. "Tazameni! Hata chupa ya dukani haifiki hapa!"

Hilo ni kosa ambalo mtalifanya, kwa hiyo liandikeni kichwani. Kalamu ile inaona chumvi zilizoyeyuka. Klorini karibu haiioni. Silika karibu haiioni. Maji ya mlima yatakupa namba ya kupendeza na bado yakuulie samaki kwa dawa na kupaka kioo kahawia kwa mawe. Salim aliiita kalamu hiyo shahidi aliyeona nusu ya ajali.

Nikamshauri mzee atumie matone ya kuvunja klorini, yanauzwa. Akasema hawezi kutia dawa juu ya dawa yake. Hapo nikaenda nikautazama ukuta.

Dawa ya kweli ilikuwa ile mashini ndogo ya kuchuja, yenye hatua nne. Lakini ningeipelekaje kwa mtu ambaye angeihesabu kuwa tusi? Aliyepata njia hakuwa mimi. Alikuwa yule mjomba wa Muchiri, Mzee Ngari, msemaji wa upande wa Kagio, mzee mwenye kofia ya ngozi na maoni juu ya kila kitu. Alinisikiliza, akajikuna shingo, akasema, "Tunapeleka kama mbuzi."

"Mashini?"

"Mashini. Kuna mwati na harika, si ndiyo? Kondoo jike na mbuzi jike, za kutangulia. Hizo haziko na karamu, unaweza peleka hata kama kuna msiba. Zinaenda kusema tu huyu msichana ako na wenyewe. Sasa tunaongeza ya tatu. Kitu ikikuja na mwati na harika, mzee ya boma hawezi kusema haitaki. Atakuwa amekataa sisi."

Vijana, nimefanya kazi na watu wenye vyeti vya ukuta mzima, na sijasikia mpango safi kuliko huo.

Shida ilikuwa kuichagua. Ngari alikataa niende dukani peke yangu. Mbuzi wa ruracio hachaguliwi na fundi, alisema. Basi tukaenda wote, yeye na fimbo yake, mimi na magoti yangu, na Muchiri nyuma akibeba koti la mjomba. Mwenye duka akatupangia mashini kaunta nzima. Ngari akaanza kuzikagua. Ya kwanza akaikataa kwa sababu ilikuwa nyeupe na bluu. Mnyama wa mwati anapaswa kuwa wa rangi moja, hana mabaka. Ya pili akainyanyua kwa mikono miwili akaitikisa kupima uzito. Ya tatu akaifungua kifuniko cha kichujio akachungulia ndani muda mrefu, na naapa alikuwa akitafuta meno.

Halafu akaiona aliyoipenda. Ilikuwa kubwa, yenye mitungi mingi, taa, na bilula ya kung'aa.

"Hii," akasema. "Hii ni ndume."

"Hiyo hapana," nikasema. "Hiyo ni ya watu. Ona huo mtungi wa mwisho. Maji ikishasafishwa, hapo inarudishiwa madini ndiyo ikuwe tamu mdomoni. Tunatoa mawe kwa mlango, halafu tunayaingiza kwa dirisha."

"Lakini iko na mitungi saba."

"Mzee, mbuzi ikiwa na miguu saba utainunua?"

Hilo alilielewa. Nikamwonyesha niliyoitaka, fupi, ya kutundika ukutani, inayoingia kati ya kabati na dirisha. Nikamweleza kama ninavyowaeleza sasa. Mtungi wa kwanza ni wa kushika matope, kwa sababu mvua ikinyesha Aberdare mto unashuka na shamba la mtu. Wa pili ni wa mkaa, wa kula klorini, na lazima utangulie, kwa maana klorini ikifika kwenye wa tatu, wenye utando mwembamba, inautoboa. Huo utando ndio moyo, unapitisha maji na kuzuia karibu kila kitu. Wa nne una punje ndogo zinazobadilika rangi zikichoka. Mahali pengine unaweza kuishi bila huo wa nne. Huku kwetu huwezi, kwa sababu hizo punje ndizo zinazoinasa silika iliyoponyoka kwenye utando. Ukiona rangi imepanda hadi juu, badilisha, usingoje kioo kiwe kahawia.

"Na pampu ndogo," nikaongeza, "kwa sababu tangi lake la maji ya nyumbani liko juu ya jukwaa fupi la mbao tu, presha ni ya kukojoa kwa mzee."

Ngari alicheka mpaka akakalia kaunta. Baada ya hapo alikubali kila kitu, ila alilalamika hadi mlangoni kwamba tunapeleka mbuzi aliyezaliwa kabla ya wakati wake.

Tukaipeleka. Kondoo jike, mbuzi jike, na mashini ndani ya sanduku lake, na Ngari akasema maneno yote yanayotakiwa, bila kuruka neno, juu ya wanyama watatu. Gachanja alimtazama wa tatu muda mrefu. Niliona taya lake likisogea. Lakini wazee wa pande zote walikuwa wamesimama, na Wangeci alikuwa mlangoni ameshika nguzo. "Nimepokea," akasema. "Zipelekwe kwa boma."

Nilidhani boma maana yake ni nyumbani. Nikainama kuchukua sanduku nianze kazi. Akanizuia kwa fimbo.

"Fundi, hizi tatu zimekuja pamoja. Hujui? Usiku ya kwanza zinalala pamoja."

Ndivyo ilivyolazwa kwenye zizi la mbuzi. Nilibishana, wakaniambia mila ni mila. Asubuhi tulikuta sanduku limefunguliwa kwa ustadi, vibomba vyote vyembamba vimetafunwa hadi kwenye nati, na yule kondoo amelala juu ya pampu ametulia, kwa sababu ilikuwa imefungwa na sponji. Ikabidi wazee waketi. Swali lilikuwa hili: ni nani mwenye hasara? Wa Mweiga walisema aliyekula vibomba ni mnyama wa Kagio. Wa Kagio walisema mnyama akishaingia zizini ni wa Mweiga. Mwingine akauliza kama mbuzi aliyejeruhiwa anahesabika. Nilikaa kwenye ndoo nikiwasikiliza nusu asubuhi. Mwishowe Ngari akaamua kwamba mla alitoka Kagio na mliwa alitoka Kagio, kwa hiyo Kagio imekula Kagio na hakuna kesi. Nikaweka vibomba vipya. Wekeni vipuri vya vibomba garini kila mara, hata kama hakuna ndoa.

Nikaitundika jikoni. Nikamwaga maji ya mwanzo, kama inavyotakiwa, kwa sababu utando mpya unakuja na dawa ya kiwandani. Halafu nikawaita watazame. Mashini hii ina vibomba viwili vya kutoa. Kimoja kinatoa maji safi, tone, tone, tone. Kingine kinatoa maji yaliyobeba uchafu wote, na hicho kinatiririka kwa furaha. Wazee walipoona kinachotiririka wakapiga makofi.

"Hiyo ndiyo ya Nyambura," akasema Gachanja.

"Hapana, mzee. Hiyo ni ya ng'ombe na kabichi. Ya Nyambura ni hii inayodondoka."

Mnaelewa alichosikia? Kwamba ng'ombe wanapewa bomba, na mtoto wake anapewa matone. Nikatafuta maneno haraka. "Mzee, mkichinja, figo ni kubwa kuliko mguu?"

"Hapana."

"Na mguu unaweza kumpatia mtu yeyote?"

"Mtu yeyote."

"Basi hii ni figo." Akafikiri, akaweka ndoo safi chini ya matone kwa mikono yake. Ndoo yenye kifuniko, angalieni, si sufuria wazi ya jikoni ambamo mafuta na moshi vinaingia.

Na matone yenyewe yalikuwa ya polepole kupita maelezo. Sanduku lilikuwa limeahidi pipa kwa siku. Lakini sanduku liliandikwa na mtu wa nchi ya joto, na utando ukipata maji baridi unakuwa mvivu. Maji ya Mweiga asubuhi yanauma meno. Mnapomchagulia mtu wa huku mashini, kateni ahadi ya sanduku katikati, ndipo mmwambie. Na mwonyeni asije akaziba kile kibomba cha uchafu kwa ubahili. Mama mmoja wa Kutus alikiziba kwa gunzi la muhindi kwa sababu hakupenda kuona maji yakipotea, na utando wake ukaziba kama koo la mwenye kula githeri kavu, mahindi na maharagwe bila mchuzi.

Nilirudi Mweiga mara kadhaa. Mzee alikuwa akibadilisha maji kidogo kidogo, kama nilivyomwambia, akikoroga chumvi katika ndoo tofauti, na akijazia yaliyokauka kwa maji matupu bila chumvi. Hakunisemesha sana. Kahawia ikaanza kubanduka kwenye kioo. Nyambura akatoka kwenye kona. Halafu siku moja Wangeci akanipigia simu akilia na kucheka, akasema baba amewaambia watu wa Kagio waje.

Nami nilialikwa, kama mtu wa wanyama. Kwetu wageni wa ruracio hawaingii tu. Wanasimama nje ya lango, wanaimba, na kina mama wa upande wa msichana wanawajibu kwa nyimbo za kuwatania mpaka waridhike. Watu wa Kagio walianza kuimba kwa nguvu. Ndani, Mzee Gachanja, mwenye koti lake la sherehe, akanishika mkono akanipeleka jikoni, Wangeci akatufuata.

"Mama Ciku, mimi si mtoto. Hiyo kitu si mbuzi."

"Si mbuzi, mzee."

"Imetoa nini kwa hiyo maji?"

Ningeweza kumdanganya. Huko nje nyimbo zilikuwa zimefika ya tatu. Ningesema ni hali ya hewa, ni umeme, ni samaki wa Nairobi walikuja wagonjwa. Lakini angeizima mashini wiki ijayo aokoe umeme, na Nyambura angefuata wenzake, na mtu huyu angeketi peke yake katika nyumba hii chini ya ile picha asijue kwa nini.

"Klorini," nikasema. "Na mawe. Kwa watu ni maji mazuri sana, mzee, na uliileta kwa jasho yako. Kwa samaki haikuwa."

"Kwa hivyo ni mimi nilimaliza Njoroge na Waweru."

Wangeci akasema, "Baba."

"Wacha, aniambie."

"Ni maji, mzee. Wewe ulikuwa unawapatia kitu ya maana kuliko zote uko nayo."

Alichukua kikombe kwenye rafu, akakiweka chini ya kile kibomba chembamba, akasimama akingoja. Tone, tone. Huko nje walimaliza wimbo, wakaanza mwingine, na sauti ya Mzee Ngari ilikuwa imeanza kukauka. Mbuzi walilia kwenye lori. Hakuna aliyethubutu kumharakisha. Kikombe kilipopata mafunda mawili alivuta moja, akalitembeza mdomoni, akakunja uso.

"Hii haina mlima ndani," akasema. "Haina hata mtu."

"Ndivyo inatakiwa," nikamwambia.

Akaenda sebuleni, akakimimina kilichobaki kwenye tangi la Nyambura, taratibu, hadi tone la mwisho. Samaki akaja kwenye kioo, akidhani ni chakula. Mzee akaweka kidole pale alipokuwa, akakiacha hapo kwa muda. Alikuwa akilia, na hakujificha. Kisha akajifuta kwa mkono wa koti na kumgeukia Wangeci.

"Wamechoka kuimba," akamwambia. "Enda ufungulie watu wako."